Kakakuona Mmoja, Kelele Kijiji Kizima

Jumapili, 27 Novemba

Mvua ya kwanza! Kilimatinde nzima inanuka udongo. Leo nimeanza rasmi kazi ya kupiga picha za wanyama. Simu ina ufa kwenye kioo, lakini jicho la mpiga picha ninalo. Nimezaliwa nalo.

Kanisani sikwenda. Bibi Emiliana kauliza naumwa nini. Nikasema tumbo. Kasema, "Tumbo lako limeshavaa viatu, mume wangu." Utani wa bibi na mjukuu, sawa, lakini ananiita hivyo hata mbele ya wasichana. Inachosha.

Nimeshuka bonde la nyuma, lile la kuni. Kila kitu kimetoka kwa pamoja! Jongoo, kumbikumbi, miti iliyokuwa mifupa juzi leo ina majani mekundu. Picha arobaini na moja. Nimekaa kuziangalia: thelathini na nane ni majani. Mbili ni kidole changu. Moja ni hondohondo, mzuri ajabu, ila hana kichwa. Nilimwambia tulia. Hakutulia.

Jumanne, 29 Novemba

Digidigi wawili! Nimewanyatia nusu saa, tumbo chini, miiba mpaka sehemu zisizosemeka. Nikainua simu — wakaja mbuzi wa Mzee Obadia. Kumi na tisa. Na kengele. Digidigi hao!

Mzee Obadia mwenyewe akatokea nyuma, fimbo begani. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, hakuna jambo asilolijua. Nikaamka na majani kichwani, "Shikamoo, mzee." Marahaba hakuitikia haraka. Akataka kujua mbuzi wake nawapigia picha za nini, nampelekea nani. Nikasema napiga digidigi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Digidigi yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kichaka kitupu.

Alhamisi, 1 Desemba

Kupanda uwele. Kutwa. Bibi anachimba, mimi natupia mbegu, nafukia na mguu. Kamaliza mbegu yote ya kwenye kibuyu, hakubakiza hata ya kuonja. Nikasema Bibi, baki na kidogo, mvua ikigoma? Kasema kumbe mpiga picha ni mtabiri pia.

Ndege wazuri walipita mara tatu. Mikono ina udongo. Mara tatu!

Jioni Festo kapita na bodaboda yake. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza, tuliacha shule wiki moja, yeye kwa ada mimi kwa akili nyingi. Kaangalia picha zangu zote. Kasema, "Siksbeti, una kipaji. Hakuna mtu hapa anapiga majani kama wewe."

Jumamosi, 3 Desemba

NIMEMPATA.

Ngoja niandike polepole. Alfajiri, bonde la nyuma, umande bado. Nilikuwa nimekasirika maana kware alishanipotezea dakika ishirini. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikageuka. Kakakuona! Mzima, magamba yote, hatua kumi toka nilipo. Anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani kama katekista anayesubiri sadaka. Akasimama kwenye kichuguu, akachimba, ulimi ukatoka — mrefu kama kamba ya kiatu! Hakuniona. Nikapiga. Moja tu. Halafu simu ikasema nafasi imejaa. Imejaa majani!

Lakini hiyo moja. Kila gamba linaonekana. Jua linamwingia ubavuni. Hakuna mtu wilaya hii ana picha hiyo, labda hata mkoa, na nasema hivyo nikiwa mnyenyekevu.

Kaingia shimoni chini ya mti wa mkole. Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mzigo wa kuni nimeusahau huko huko, Bibi kanigombeza. Sijali.

Nimemwonyesha Festo tu. Kaapa kwa mama yake. Akaniomba nimtumie aiangalie vizuri nyumbani.

Jumapili, 4 Desemba

Festo kaiweka stetasi!! "Mshkaji wangu kamnasa kakakuona hapa hapa kwetu." Na moto tatu, na vikopa.

Nimemfuata mpaka kijiweni. Kasema hakuapa kuhusu stetasi, aliapa kuhusu kusema kwa mdomo. Mtu huyu ana akili au hana? Nimemwambia mama yake ndiye kamwapia, akamwombe radhi.

Lakini — nikiri hapa ambapo hakuna anayesoma — kutoka kanisani watu ishirini walinisimamisha. "Wewe ndiye uliyemwona?" Mimi ndiye. Kifua kikapanda chenyewe. Nikasimulia mara ishirini. Kwenye mara ya mwisho alikuwa mkubwa kama ndama na nilimgusa mkia.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua haijarudi. Siku ya kumi leo. Uwele wetu umeota, vidole viwili, halafu umesimama hapo unaangalia juu.

Mzee Obadia kaja na wazee wawili. Wamekaa uani, Bibi kawapa maji. Nikaamkia wote, mmoja mmoja. Wakaongea Kigogo kwanza, kuhusu mifugo, kuhusu mgonjwa fulani, mpaka nikafikiri wamekuja kumtembelea Bibi tu. Halafu Mzee Obadia akanigeukia. Kasema kakakuona hatokei bure, anakuja na habari za mwaka. Ataletwa aulizwe. Atawekewa bakuli la maji, uwele, mkaa na panga. Akiyaendea maji ni mvua, uwele shibe, mkaa jua, panga ugomvi. Akishajibu anarudishwa alikotolewa, hadhuriki. Mwaka fulani, mimi sijazaliwa, aliyaendea maji, watu wakavuna mpaka vihenge vikapasuka.

"Shimo unalijua wewe peke yako, kijana."

Nikasema nilisahau. Wakacheka. Jumapili nilikumbuka mpaka upana wa mkia.

Ijumaa, 9 Desemba

Namba ngeni imepiga. Sauti laini, ya mtu aliyeshiba. Kauliza kama yule mnyama yupo bado. Nionyeshe shimo tu, mengine watafanya wao, nami nitapata pikipiki mpya, ya kwangu, na kadi yake.

Nikauliza mnamtaka wa nini. Akasema magamba yana soko, nyama wanajua wenyewe. Alisema kama mtu anayeongelea mihogo! Nikakata. Kapiga tena. Nikakata. Kaandika: NAFIKA MANYONI WIKI IJAYO, FIKIRIA.

Festo ndiye katoa namba yangu. Kasema, "Pikipiki, Siksi! Mpya! Mimi hii ya tajiri inanila mgongo." Nikamwambia na yeye ana soko huko, auuze ubongo wake, haujatumika. Hatukuagana.

Naona sasa. Wazee wakimleta uwanjani, kijiji kizima kitakusanyika kumwona anaenda kwenye bakuli gani. Na mtu wa sauti laini atakuwa pale pale, anapiga makofi. Atakayerudishwa shimoni ni nani?

Nikapigie maaskari wa wanyamapori? Watakuja, watamkuta Mzee Obadia na mnyama na bakuli. Atafungwa Mzee Obadia. Na Bibi, maana bakuli atatoa yeye, namjua.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimekuja na akili kubwa. Nimesema nilidanganya. Nimesimama barabarani mbele ya watu: ile picha niliichukua mtandaoni, mimi sijaona hata mjusi, mimi ni muongo, mnanijua.

Miaka kumi na minane napiga chumvi na watu wanaitikia. Leo nimesema sikufanya kitu — hawaamini! Mama mmoja kasema, "Mtoto wa watu, kaanza kuwa mpole." Mzee Obadia katoa simu yake ya tochi, kamwita mjukuu wake na simu kubwa, wakaivuta picha. Nyuma ya kakakuona, pembeni, mzigo wa kuni. Umefungwa kwa kitenge cha njano cha Bibi. Laiti ningeutua mbali ule mzigo! Katika majani yote yale sikuwahi kuuona pichani.

Nimefuta picha kwenye simu yangu hata hivyo. Sijui kwa nini, wanayo wote. Mimi tu ndiye sina.

Jumanne, 13 Desemba

Nimemweleza Bibi kila kitu. Mtu wa namba, magamba, pikipiki. Nikidhani atasema basi, usiwapeleke.

Kanichukua mkono mpaka shambani. Kachuchumaa, kang'oa mche mmoja, kaniwekea kiganjani. Ulikatika kama biskuti.

"Mbegu nyingine sina, Siksbeti." Si mume wangu. Jina langu zima. "Nikijua mvua haiji, natafuta chakula kwa kaka yangu mapema, kabla wengine hawajaenda kwake. Nikijua inakuja, navumilia. Kujua tu."

Nikasema mnyama hajui kitu, Bibi, anatafuta mchwa. Kasema na mimi pia nilikuwa natafuta kware, mbona nimepata kingine.



Jumatano, 14 Desemba

Nimekubali. Kesho jioni, kabla hajatoka kula. Nimesema shimo liko ng'ambo ya bonde, mteremko wa mawe.

Ng'ambo kuna shimo la ngiri lililoachwa tangu mwaka juzi. Nimeingiza mkono mwenyewe mwezi uliopita. Utando wa buibui. Tutakaa, giza litaingia, watachoka, watasema kahama. Basi.

Alhamisi, 15 Desemba

Naandikia gotini. Saa kumi na moja na nusu. Tuko ng'ambo, kwenye mawe, upande ambao upepo haumpelekei harufu yetu. Mzee Obadia, wazee wawili, Bibi na bakuli lake la maji ya kumlaki, gunia la kumbebea mpaka uwanjani kwenye uwele, mkaa na panga, mimi. Mzee Obadia kakataza kuongea, ndiyo maana naandika, nisipoandika nitapasuka.

Nimewazungusha makusudi njia ndefu. Mzee Obadia mguu mmoja mbovu, hakulalamika. Tumefika, nikanyoosha kidole kwa mbwembwe zote: hapo. Akapiga goti, akaangalia chini muda mrefu. Nikasema moyoni, ona buibui uondoke.

Hakuna buibui! Mdomo wa shimo umefagiwa. Udongo mbichi. Na mstari mmoja katikati ya vumbi, mkia umeburutwa, unaingia ndani. Hautoki.

Kahamia hapa!! Mashimo yote ya bonde zima, mashimo mia, mnyama kachagua la uongo wangu!

Mzee Obadia kainuka, kanishika bega. Kasema kwa sauti ya chini, mbele ya wote, "Watu walisema utatupoteza. Nikasema huyu ana maneno mengi, lakini hawezi kuwatupa wazee wake." Mkono wake mzito. Nikasema asante, mzee. Nimesema asante!

Hatuchimbi. Tunasubiri atoke mwenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Akisikia kishindo leo hatoki, na wazee wamesema hawarudi mara ya pili, kakakuona akikataa amekataa. Bibi kasogeza bakuli, maji yamejaa mpaka ukingoni, kayabeba njia yote ile bila kumwaga. Kanitazama. Kaonyesha simu yangu kwa kidevu — piga picha basi. Mwanga ni mzuri kweli, wa rangi ya asali. Ningeungoja mwaka mzima mwanga huu.

Huko chini barabarani kuna pikipiki imezimwa. Nilisikia ikija, sikuisikia ikiondoka. Inaweza kuwa mtu yeyote. Festo hapokei simu.

Kinakwaruza. Ndani. Sasa hivi.

Mzee Obadia kainua kidole. Bibi amefumba macho, midomo inacheza, sijui anamwomba nani. Mguu wangu wa kulia uko juu ya jiwe ukubwa wa kichwa, halijakaa vizuri, chini yake mteremko mtupu, mawe matupu. Nikilisukuma kidogo litashuka na kelele mpaka barabarani, na hakuna atakayejua kama niliteleza. Ila Bibi. Kafumbua macho. Haangalii shimo, anaangalia mguu wangu, na bakuli kalishika kwa mikono miwili —