Beseni Lililokwenda Ugiriki

Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, Jumamosi jioni. Manyunyu tangu asubuhi, nami nimeliacha dirisha wazi makusudi ili niyasikie. Wiki iliyopita siku kama ya leo nilikuwa kando ya bahari nikiungua nyayo, naomba japo wingu moja. Binadamu hatosheki.

Leo najivuna. Nakiri mapema nisije nikajifanya mnyenyekevu huko mbele.

Nianze na lililokuwa likiniuma. Mjukuu wangu Elias ametimiza miezi mitano, na hadi safari yetu ya Ugiriki sikuwa nimemwogesha hata mara moja. Mimi, bibi yake mzaa mama! Tena mimi ambaye kazi yangu, mwaka wa kumi na saba sasa, ni kuwaogesha wazee wa Kiswidi katika nyumba ya wazee. Nchi nzima imenikabidhi mama zake, binti yangu akashindwa kunikabidhi kitoto kimoja.

Kwetu Mutomo, kule Kitui, mtoto akizaliwa bibi huketi chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miguu yake na kumwogesha kwa kopo. Hiyo ni haki yake, haombi ruhusa. Elias alipozaliwa nilifika kwa Mwende, binti yangu, na leso mpya na mafuta ya mgando. Mwende amezaliwa hapa hapa Stockholm, na hata nikimsalimia kwa Kiswahili hunijibu Kiswidi. Alinionyesha karatasi ya kliniki, kipimajoto cha umbo la bata, na karai maalumu lenye mgongo wa kumwegemeza mtoto. Akaniambia kwa upole kwamba ningeweza kumsaidia kushika taulo.

Nikashika taulo. Miezi mitano.

Najua chanzo chake. Tangu utotoni Mwende alinionea aibu kwa sababu ya maji. Mimi nimekua nikichimba mchanga wa mto mkavu hadi maji yachungulie, kisha napakia mitungi juu ya punda. Mama yangu alikuwa na sheria: maji yafanye kazi tatu kabla ya kumwagwa. Sheria hiyo nilipanda nayo ndege. Bafuni kwangu kuna beseni jekundu na kopo, na Mwende alipokuwa msichana alikuwa akivificha nyuma ya mlango rafiki zake wakija. Bomba la Uswidi halikauki, aliniambia mara ngapi sijui. Nami nilimjibu kwamba hata mto wetu, wazee walisema haukauki, hadi ulipokauka.

Basi walipopanga twende Ugiriki, yeye na mumewe Jonas na mtoto, kwenye kisiwa kidogo ambacho jina lake bado linanishinda kutamka, nililifunga beseni sandukuni. Nguo nilizipanga ndani yake, halikula nafasi. Mwende akaligundua mlangoni pangu siku ya safari. Akalitoa, akaliweka sakafuni, akasema tunakwenda hotelini, si vitani. Nilinuna hadi uwanja wa ndege wa Arlanda. Beseni lenyewe si kitu, la plastiki tu. Nilichukia kwa sababu nilijua huko nako nitashika taulo.

Sasa huko Ugiriki, jamani. Mwezi wa Agosti watu wamejaa ufukweni hadi mchanga hauonekani. Alfajiri mtu anaamka, anatandika taulo juu ya kitanda cha ufukweni kuweka nafasi, halafu anarudi chumbani kulala. Niliwaza kwamba huku hata taulo lina pa kukaa, mimi mshika taulo sina. Nikajifunga leso, nikaketi chini ya mwavuli na Elias, nikawatazama watu wanavyojianika wakijigeuza huku na huku. Joto lilikuwa la kufunga pumzi. Siku ya pili mtoto akatoka vipele shingoni.

Usiku huo nilisikia bomba la bafuni likikohoa. Mtu wa Mutomo akisikia bomba linakohoa haulizi. Asubuhi nilichukua chupa zote tulizopewa za maji ya kunywa, nne nikaziweka kivulini, mbili nikazitoa nje kwenye jua la baraza. Mwende aliuliza kwa nini, nikasema basi tu.

Saa nne maji yakakatika. Mapokezini walibandika tangazo kwamba kisiwa kimejaa wageni kupita kiasi, visima vimechoka, tuvumilie hadi kesho. Ungeona vurugu. Watu wazima walisimama pale na mswaki mdomoni wakidai haki zao.

Na saa hiyo hiyo Elias akaamua kuchafuka. Kuchafuka kwenyewe ni kule kwa kupanda hadi mgongoni, mashujaa wa kulea mnakujua. Vile vitambaa vya unyevu vya kupangusia vikawa vinamchoma kwenye vipele, akalia hadi sauti ikakauka. Mwende alisimama bafuni amemshika kwa mikono iliyonyooka, anafungua bomba, anafunga, anafungua tena. Mara nikaona na yeye analia.

Nikaenda barazani nikaleta zile chupa mbili, zimepata uvuguvugu. Kopo nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisokomeza soksi ndani na Mwende hakuliona. Nikasema laiti ningepata chombo cha kukingia. Jonas, ambaye kwa kawaida maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu, akainama, akavuta begi lake kutoka chini ya kitanda na kulifungua. Ndani, chini ya viatu vyake, palikuwa na beseni langu jekundu.

Mwende alimkodolea macho. Jonas akaeleza, uso umemwiva, kwamba aliliona limeachwa mlangoni akaona si vizuri. Kwao wana nyumba ya mapumziko msituni isiyo na bomba, kila kiangazi wanaoga kwa beseni, na hakuona cha ajabu. Nilitamani kumkumbatia ila mila hairuhusu, mkwe ni mkwe.

"Mama, maji hayo ni kidogo sana," Mwende aliniambia kwa Kiswidi.

"Ni mengi," nikamjibu. "Nipe mtoto."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliketi sakafuni, nikanyoosha miguu, beseni chini ya miguu. Nikajaribu maji kwa kiwiko, nikamlaza Elias. Uso kwanza, bila sabuni. Kisha shingo, kila mkunjo, kwa kopo linalotiririka polepole kama vile unavyomwagia mche. Kwapa, mgongo, na kule kulikoharibika mwisho. Alinyamaza nilipofika kifuani. Alinitazama tu, nami nikamtazama, na mikono yangu ikafanya kazi yenyewe bila kuniuliza. Chupa moja na nusu. Maji yaliyobaki kwenye beseni yakafua nguo zake, na yaliyofua nguo yakaenda chooni.

Jirani yetu wa chumba cha pili, mama mmoja wa Kiswidi, aligonga baadaye kuuliza inawezekanaje sisi tunanukia sabuni. Nikamfundisha kuoga kwa chupa moja. Jioni aliwafundisha wengine. Mwalimu mkuu ni mimi!

Lakini maji yaliporudi siku ya pili yake, Mwende alimchukua mtoto akampeleka bafuni, akafungua bomba, nami nikapewa taulo. Nikajiambia, mama, ile ilikuwa dharura tu. Usijipe makuu. Nilirudi Stockholm na moyo mzito kuliko sanduku, na beseni nikalirudisha mahali pake.

Leo mchana wamekuja kwangu. Mvua, koti, gari la mtoto limelowa. Nilikuwa nikipika chapati. Mwende aliingia bafuni, nikadhani anaosha mikono. Akatoka ameshika beseni jekundu, ndani lina maji tayari na kopo linaelea. Akaliweka sakafuni mbele yangu.

"Mama, mwogeshe wewe," akasema. "Mimi nataka kuona vizuri."

Kwa Kiswahili. Nilizima jiko kwanza, maana niliogopa nitaunguza nyumba.

Nikaketi, nikanyoosha miguu. Mwende akachuchumaa kando, akauliza kiwiko kinajuaje joto, akauliza kwa nini nyuma ya masikio kabla ya kichwa. Nilimjibu kila swali kwa utaratibu, kama ninavyowafundisha wafanyakazi wapya kazini, ila kazini huwa silii. Elias alipiga maji kwa mguu akatulowesha wote watatu. Nilipomwinua, nikageuka kutafuta taulo. Mwende alikuwa amelishika.

Halafu nikataka kuonyesha na mimi nimestaarabika. Nikainua beseni niende kumwaga maji bafuni, moja kwa moja, kama watu wa bomba lisilokauka. Mwende akanizuia mkono.

"Mama," akasema, "hiyo ni kazi moja tu."

Akafua nguo za Elias kwa maji yale, kwa mikono, yeye mwenye mashine mbili kwake. Kwa kazi ya tatu akayapeleka barazani akamwagilia mchicha wangu, huku mvua inanyesha.

Sasa wamekwenda. Vinguo vinaning'inia hapa nyuma yangu, na beseni nimeliegemeza ukutani, mbele ya mlango, si nyuma yake. Kesho ni ibada. Swali langu ni moja tu: nitajizuiaje nisisimame wakati wa shuhuda?