Kasera Wangu na Tiketi ya Tatu

Jumatatu, 5 Agosti

Wamefika! Maritza kakonda, mumewe Ezio kanenepa kwa niaba ya wote wawili. Nimelia pale uwanja wa ndege mbele za watu, wala sikujali. Mwanangu ananukia sabuni ya kigeni.

Ezio akauliza jua liko wapi. Maskini! Nikamwambia Lima mwezi huu mbingu ni tumbo la punda, kijivu tupu, asijisumbue kutazama juu. Njiani nikampa masomo. Simu isitoke mfukoni barabarani. Teksi, patana bei kabla hujagusa mlango, wakikataa jifanye unaondoka. Mtu akisema yuko njiani, jua bado anatafuta soksi. Na seviche ni ya mchana! Anayekula samaki mbichi wa ndimu usiku ni mgeni, au ana ugomvi na tumbo lake. Akacheka, akawa anarudia kila neno. Nampenda huyu, kusema kweli.

Lakini najua kilichowaleta. Tiketi za kurudi Jumapili ni tatu. Maritza anataka nikaishi nao Torino, eti peke yangu sitaweza. Nimesema nitajibu kabla ya Jumapili. Lile la Mei, nilipoteleza bafuni, hajui. Na hatajua.

Jumanne, 6 Agosti

Nimewapeleka sokoni kwa Zoraida, kasera wangu wa samaki. Mimi kasera wake, yeye kasera wangu, mteja na muuzaji wa siku zote, ndivyo tunavyoitana tangu Maritza ananyonya. Zoraida akampima Ezio kuanzia viatu, akaniambia huyu analishwa vizuri, basi binti yako hana kosa. Maritza akaona haya.

Nikamfundisha Ezio kudai nyongeza. Ukishalipa usiondoke, simama, tabasamu, sema "na nyongeza, kasera?" Akasema. Akapewa kamba wawili. Alivyofurahi! Utadhani kashinda bahati nasibu.

Zoraida hunipunja kwenye mizani, najua, na anajua kwamba najua. Zimwi likujualo.

Alhamisi, 8 Agosti

Balaa. Jana Ezio aliamka kabla yetu akaenda sokoni peke yake kunishangaza. Akarudi na bonito mkubwa kifuani. Kanunua wapi? Kwa yule bwana wa meza ya pili kutoka kwa Zoraida, eti bei nzuri! Na akampitisha samaki mbele ya Zoraida. Akampungia na mkono!

Mgeni hajui. Kosa langu, nilimfundisha teksi nikasahau lililo kubwa: kwa kasera huhami. Ukitaka kuhama, hama mji.

Leo nimekwenda mwenyewe. Zoraida akahudumia watu watatu waliokuja nyuma yangu. Kisha akaniangalia.

"Ndiyo, bibi. Unataka nini?"

Bibi! Mimi, kasera wake! Nikanunua pejerrey, vile visamaki vyembamba, robo kilo, sikuomba nyongeza, sikupewa. Mizani safari hii ilikuwa sahihi kabisa. Ndipo nilipoumia.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijala. Ezio anazunguka nyumbani na uso umemshuka, kila saa ananiuliza kama nataka chai. Maritza kasema ninakuza jambo dogo, muuza samaki ni muuza samaki, Torino kuna duka zuri, barafu safi, kila kitu kina bei yake imeandikwa. Nikamuuliza muuzaji wa huko anamwitaje. Akafikiri. Akasema hamwiti chochote, wanaonyesha kidole.

Baadaye akaja akanisuka nywele, jambo ambalo hajafanya tangu aondoke. Akasema hapati usingizi kule, kila simu ikilia anadhani ni habari yangu. Mwanangu huyu. Ningekuwa na moyo wa jiwe ningekataa pale pale. Ningekuwa na moyo mwepesi ningekubali. Nimesema tu asikaze sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamekwenda sokoni wawili, mimi nikaamriwa nibaki. Wamerudi kabla ya saa sita. Ezio na samaki korvina mzima, na mfuko mdogo wa kome juu yake — nyongeza! Maritza macho mekundu.

Ezio kanisimulia kwa Kihispania chake cha kuokota. Alivua kofia akaomba radhi mbele ya meza yote. Zoraida akamwacha atoe jasho, kisha akacheka. Akasema kilichomuuma si yule samaki. Alidhani nahama Lima bila kumuaga.

Halafu, huyo mdomo wazi, akamwambia Maritza la Mei.

"Alifunga meza, mama," Maritza kasema, amesimama pale mlango wa jikoni. "Siku ya Ijumaa, samaki wamejaa. Kwa sababu hukutokea. Akaja akavunja kitasa, akakuokota bafuni."

Nikafunga aproni upya.

"Nami nilikupigia Jumapili yake, ukaniambia u mzima."

Nikasema Jumapili nilikuwa mzima. Akacheka huku analia, akaniita muongo mkubwa, akanikumbatia mpaka kamba ya aproni ikakatika.

Nikajua nimekwisha. Ushahidi kaupata, tena kwa kinywa cha kasera wangu mwenyewe. Nikasubiri aseme Torino. Hakusema. Akachukua kisu, akaanza kukata ndimu, vibaya, kama alivyokata siku zote. Nilitamani kumnyang'anya nikajizuia. Kisha, bila kuniangalia:

"Zoraida anauliza akuwekee kichwa cha korvina Ijumaa ijayo, cha supu. Anataka kujua kabla hajafunga. Nimwambie nini?"

Ezio akaacha kumenya vitunguu.

Nikasema ngoja nifute mikono. Nimekuja huku chumbani. Sanduku aliloninunulia Maritza liko wazi juu ya kitanda, ndani mna sweta moja, aliitia yeye. Nimekaa kando yake naandika, na kikapu changu cha soko nimekipakata, sijui nimekichukua saa ngapi. Ndimu nasikia harufu yake hadi huku. Kesho ni Jumapili.

Maritza anaita, samaki tayari, na Zoraida anasubiri kwenye simu. Ameita tena. Nimemjibu niko njiani, soksi bado sijaziona.