Kofia Mbili za Wauza Ndege

Mjomba Pazi, shikamoo.

Huku kambini sote wazima. Zile ngurumo zilizotawanya mbuzi wako juzi ni ndege za kufundishia marubani wa kivita. Wauzaji kutoka nchi mbili wanashindana, kila mmoja anataka tununue kwake. Mmoja anajisifu kwamba yake imenunuliwa kila bara, mwenzake anaapa yake hainywi mafuta. Wote wanagawa kofia. Nakutumia zote mbili, usije ukaonekana una upande.

Mimi niliwauliza jambo moja tu: injini ikizimika ndege ikiwa karibu na ardhi, kiti kinamrusha rubani nje akiwa hai? Wote wakanionyesha kwamba kinaweza. Ile ndege ya zamani iliyoanguka na kaka Hashimu haikuwa na kiti cha namna hiyo.

Nimechaguliwa kujifunzia urubani kwa ndege itakayoshinda. Mama amekataa katakata: mtoto wa dada haruki bila ridhaa ya mjomba. Na wewe tangu tumzike kaka hutaki kusikia habari za ndege.

Basi usiseme lolote. Ukiridhia, Ijumaa shuka Kilakala kwa mama ukiwa umevaa kofia. Yoyote ile.

Mpwa wako mkaidi,
Mwanvita