Asante kwa Simu Uliyowapigia Askari

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya bekari.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Magoti yanasemaje? Wifi yako ameniambia siku hizi unapanda ngazi za kazini kwako kwa kupumzika mara mbili, nami nikajiuliza kwa nini habari zako nazipata kwake na si kwako mwenyewe. Jibu ninalo, na aibu yake ninayo. Sisi huku hatujambo. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, sasa limezibwa. Paka amezaa tena ndani ya kabati la mashuka, na wifi yako ameapa kwamba hii ni mara ya mwisho, kama alivyoapa mwaka jana.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Ni miezi kumi na minne tangu uondoke hapa bila mimi kukusindikiza stendi, na kila ulipotuma salamu nilikuwa nikimwambia wifi yako, "Mwambie nipo." Nilikuwepo kweli, nimenuna. Leo nimekaa mezani na kalamu tangu tulipomaliza kula, nimeshachana karatasi mbili, na hii ya tatu sichani hata ikiharibika.

Ijumaa nimerudishiwa leseni yangu.

Acha nianze mwanzo, maana upande wangu hujawahi kuusikia. Jioni ile tulikuwa tunamuaga mwokaji wetu mzee aliyestaafu. Nilikunywa, na sikunywa kidogo; tuliachana nikiwa siwezi kufungua kamba za viatu vyangu. Asubuhi nikaoga maji baridi, nikanywa vikombe viwili vya kahawa chungu, nikatafuna karafuu, na wala sikugusa hata funda moja la kuzimua. Kwa akili yangu nilikuwa nimejisafisha. Madereva wengi tunaamini hivyo, Dada. Tunadhani pombe ni kama vumbi, ukioga inatoka.

Nikapakia mikate, nikapita nyumbani kuacha mmoja kama kawaida. Wewe, uliyekuwa mgeni wetu, ndiye uliyetoka kuupokea kwenye dirisha la gari, ukanusa.

"Kidevu, shuka kwenye hilo gari."

"Dada, hiyo ni ya jana."

Ukashika mlango. Mimi nikatia gia na kuondoka, na wewe ukauachia usije ukaburutwa. Nimeikumbuka mara nyingi sura yako kwenye kile kioo cha pembeni, umesimama barabarani na mkate wa moto mkononi, huna hata viatu.

Dakika kumi baadaye nilisimamishwa kwenye mzunguko, kabla ya kona ya shule. Nikapuliza kile kipimo nikitabasamu. Askari, yule mrefu, akakisoma, akaniambia nipulize tena, kisha akanyoosha mkono akitaka ufunguo. Mikate ikapoa mle garini mpaka tajiri alipotuma mtu kuifuata. Mlipokuja kituoni na wifi yako, hukuzunguka maneno. Ulisimama mbele yangu ukasema, "Aliyepiga simu ni mimi." Nikageukia ukutani. Kesho yake ukasafiri.

Mahakamani hakimu aliniuliza nilikunywa lini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Jana yake, mheshimiwa." Mama yule akavua miwani. "Na gari nalo uliliendesha jana yake?" Chumba kizima kikacheka, hata karani. Nikapigwa faini, leseni ikafungiwa mwaka mzima, na nikaamriwa kuhudhuria masomo ya madereva kila Jumamosi, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakinifika kidevuni. Nilitoka pale nikisema moyoni kwamba wa kulaumiwa ni wewe. Adui angenichongea ningeelewa, lakini dada yangu wa tumbo moja?

Tajiri, Mungu ampe maisha marefu, hakunifukuza. Alinipa ufagio nifagie unga, halafu akaona heri nisambaze mikate ya karibu kwa baiskeli ya matairi matatu, ile yenye sanduku mbele. Gari akampa dereva mwingine. Nilipita mitaa ile ile niliyokuwa nikiipita kwa fahari, sasa nikihema kwenye mwinuko, na fundi cherehani wa pale kona hakukosa la kuniambia: "Dereva, leo umeweka mafuta?"

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Unakumbuka Jumanne ile ulipokaa nami kiti cha mbele? Nilikuonyesha mtindo wangu wa kona ya shule: honi mara tatu, na watoto wanakuja mbio kuchukua mikate iliyopondeka ambayo haiuziki. Nilijiona mtu mwema sana. Wewe ulisema tu, "Hawa wanaifuata honi, barabara hawaitazami." Nikakwambia wamezoea.

Hata kwenye baiskeli niliendelea na mtindo huo huo, kengele mara tatu. Asubuhi moja, nikiwa na miezi kama saba kwenye adhabu, niligonga kengele kabla sijasimama. Mtoto wa kike, soksi moja juu na nyingine chini, akachomoka katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Nilibana breki kwa mikono yote miwili. Sanduku likasimama likigusa vifungo vya sweta lake. Yeye hakushtuka hata kidogo. Akanyoosha mkono akasema, "Mimi leo nataka ile ya pembeni, yenye ganda!"

Nikampa. Kisha nikakaa ukingoni mwa barabara. Dada, nilikuwa mzima, sijaonja tone, macho makavu, na mwendo wangu ni ule wa kuchekwa na waenda kwa miguu. Pamoja na yote hayo nilimkosa kwa upana wa kifungo. Akilini nikaliona lile gari la mikate, na kile kichwa nilichokuwa nacho asubuhi ile, nikielekea kona ile ile na mkono juu ya honi. Nililia, mtu mzima na unga kwenye nyusi, na mama anayewavusha watoto akaniletea maji akidhani nimeugua.

Ungedhani ningekuandikia siku hiyo hiyo. Hasira ilikwisha, ikaja aibu, na aibu nayo ni nzito kuinuka. Nikawa nasema mwezi ujao, nikishapata cha kuonyesha.

Ijumaa nikaenda kuchukua leseni, na aliyekuwa zamu ni askari yule mrefu. Akanitambua. Akaniuliza kama nimeshapatana na dada, nikamwambia bado. Ndipo akaniambia kwamba simu ile aliipokea yeye, na mpaka leo hajaisahau. Alisema ulikuwa unalia mpaka namba ya gari ukaitaja mara mbili. Ukamwambia, "Ni mdogo wangu, si mtu mbaya. Msimamisheni kabla hajafika shuleni, watoto wanamkimbilia."

Dada, miezi yote hii nilidhani ulinishitaki. Kumbe wakati ule ulikuwa unawaombea watoto, na ulikuwa unaniombea na mimi. Nisamehe. Nisamehe kwa kuondoa gari ukiwa umeshika mlango, kwa kukugeuzia mgongo, na kwa ile asubuhi uliyobeba begi lako peke yako na magoti hayo. Na asante. Nimezunguka kurasa mbili kulifikia neno hilo. Yule mtoto wa soksi yuko darasani, nami nalala usingizi wangu, kwa sababu ulipiga simu. Asante sana, dada yangu.

Kuanzia kesho narudi kwenye gari. Honi ya mara tatu nimeifuta. Nitaegesha ndani ya uwanja wa shule, nitazima injini, niwapelekee watoto mikate kwa miguu yangu. Na pombe nimeiacha, sitaki hata ya kuonja; wifi yako ni shahidi, na yeye unamjua si mtu wa kunisifu bure.

Anakusalimu sana, anasema mafuta ya kuchua magoti ameyapata na hayatumi kwa posta, uje uyafuate. Binti yetu anamuulizia shangazi yake. Agosti anamaliza uuguzi, na amesema mahafali bila wewe hayatakuwa mahafali. Mwokaji wetu mstaafu anakusalimu pia. Nisalimie shemeji, nisalimie wapwa zangu mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie mjomba yuko hai. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe afya, na akuzidishie moyo huo ulio nao.

Agosti nitakuja stendi mwenyewe, na kiti cha mbele ni chako. Ila nikikufungulia mlango, Dada, usipande kwanza. Sogea, uninuse. Ukisikia kitu kingine zaidi ya mkate, chukua ufunguo, na simu yangu nitakupa mimi mwenyewe uwapigie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na nilichelewa kukwambia,

Kidevu