Ile Uliacha mu Kabati

Bahati, mutoto yangu,

Ni maman. Ninakuandikia ku meza ya jikoni, papa yako ameenda kazi, chai yangu iko inapoa. Unajua mimi na kalamu hatupatani. Masomo yangu iliishia ku primaire, na hata hapo nilikuwa ninasinzia mu darasa juu tuliamka mapema kwenda kungojea sambaza, zile samaki ndogo, ku ziwa. Ungekuwa hapa ungesema, "Maman, wewe sema tu, mimi njo nitaandika." Sasa hauko. Donc ninaandika mwenyewe, na makosa utanisamehe. Sizani kama kule uko kuko mwalimu wa dictée, wa kuhesabu makosa.

Nataka nikuambie habari ya muti yako. Ilitoka muzuri. Nimeanza na mwisho juu ninakujua, ungeruka maneno yote ukitafuta hiyo.

Sasa ngoja nikuelezee.

Siku ulituacha ilikuwa ingali inaning'inia mu kabati ya chumba yako, kichwa chini, gisi uliifunga mwenyewe na kamba za viatu. Ulikuwa umetoa nguo zako zote ukazileta kwetu, mashati yako juu ya mashati ya papa yako, ukasema nguo inaweza kukaa popote lakini bangi inataka giza. Kisha ukakaa ku kitanda ukaiangalia kupitia mulango wa kabati, kama muntu anaangalia mutoto mwenye kulala. Ukaniambia, "Maman, usiiguse mpaka kijiti kinalia ukikikunja." Nikaitika, nikarudi jikoni kuogopa.

Watu banafikiri kazi yangu ni kusafisha maofisi kule Porte de Namur. Kazi yangu ya kweli ni kuogopa, na wewe unajua. Niliogopa polisi, niliogopa mwenye nyumba, niliogopa bamama ya korali ya kanisa, niliogopa Mungu. Kila mara ulinijibu vile vile: muti moja tu, ya muntu mukubwa, ya kuitumia mwenyewe, hapa Ubelgiji banafunga macho. Na kesho yake asubuhi nikakuuliza tena. Haukunichokea hata mara moja. Hiyo peke yake, mutoto yangu, bengi hawana.

Unakumbuka muti ile ya kwanza? Ugonjwa ilikuwa mupya. Ulikata matawi, ukayaacha ku lavabo ya jikoni, ukakimbia ku hospitali juu saa ilikuwa imefika. Mimi nikaona majani ku lavabo. Sasa mama wa Bukavu akiona majani ku lavabo, anafanya nini? Nikaosha. Nikatia maji, nikatia chumvi kidogo ya kufukuza wadudu, nikasugua kama mboga ya lengalenga, nikaosha tena. Nyuma nikasema nimusaidie mutoto, hii itakauka leo leo, nikaitandika juu ya chauffage, ile ya kupasha nyumba moto, kama sambaza ku mukeka. Nikafungua na dirisha ili jua iingie. Jua ya hapa Forest, Ubelgiji, mwezi wa kumi. Ati jua.

Uliporudi ulisimama ku mulango, umechoka, dawa ya hospitali ingali inanuka ku mukono. Ukaangalia chauffage kama muntu anaangalia majani ya muhogo. Ukasema, "Maman, sombe hii ni ya wageni gani?" Kisha ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu daktari alitamka lile jina la ugonjwa. Ukaivuta hivyo hivyo ku balkoni, inakukwaruza koo, machozi inatoka, juu haukutaka nione haya. Ukasema inafanana na majani ya mbuzi, lakini mbuzi safi.

Kutoka pale ulinifundisha. Mimi nilikuwa ninabishana. Nilikuambia kwetu kitu ikikawia kukauka inaoza, sambaza tunaitandika asubuhi, jioni imekauka mpaka inaimba mu mukono. Na wewe ukaniambia, "Maman, sambaza inataka jua, hii inataka giza na upepo mudogo. Ukiikimbiza, ile ubichi ya majani inafungiwa ndani, haitatoka tena. Usiikimbize." Nikasema bon, sawa, bwana professeur. Ukasema professeur ni mimi, ati pua yako uliitoa kwangu. Uliwaambia hata bale mulifanya nao kazi mu restaurant, siku nilikuja kukuletea mufunguo. "Huyu njo maman. Pua yangu ni ya huyu." Bazungu watatu na mashati meupe bakaniangalia pua. Sikujua nifiche wapi uso, lakini mu tram nilicheka peke yangu mpaka kituo ya Wiels.

Na sikukuambia hii: nilielewa sababu ulikuwa unahangaika na ladha hivyo. Papa yako alisema kama ni dawa, ni dawa, inywewe tu. Lakini wewe ulikuwa unakula mukate wako kwa kuonja. Muntu mwenye aliweza kunusa supu na kuambia mukubwa wake kama kitunguu imeungua kidogo, sasa, na ile dawa ya hospitali, kila kitu mu mudomo ni chuma. Sombe yangu, chuma. Samaki, chuma. Ile bangi njo ilikurudishia njaa, na jioni ingine ilikurudishia na ladha, kidogo. Uliniambia, "Kama kuko kitu moja ningali ninaisikia, wacha iwe tamu." Nilienda kulia mu choo. Nilikuambia ninasafisha.

Bon. Sasa kilio, matanga yako.

Watu balijaa, Bahati. Nyumba yetu unaijua, banne bakisimama mutano hapiti. Balitoka mpaka Liège. Viti tuliazima kwa jirani wa chini, yule mwenye anakataa kusalimia, alivibeba mwenyewe mpaka juu. Bamama banaimba, sufuria inachemka, na katikati ya ile yote, harufu. Mulango ya chumba yako ilikuwa imefungwa, nilitia na taulo chini yake, lakini unaijua gisi ile kitu inatembea. Nilikuwa ninaimba "Bwana" na pua yangu iko ku korido.

Sasa Maman Régine, na ukubwa wake wa korali, akasema ataenda kuchagua costume, ile suti yenye tutakuvalisha. Sikuwahi kumuzuia. Akaingia, akafungua kabati. Nilimufuata mbio. Alikuwa amesimama, mikono ku kiuno, anaiangalia. Nyuma akafunga mulango polepole kama muntu amekuta mwingine bafuni, akasema, "Maman Bahati, costume siioni. Lakini kuko mugeni amelala kichwa chini."

Nikamuambia ni dawa ya mutoto. Akasema anajua ni nini, yeye pia alikuwa kijana Uvira. Akasema, "Pasteur anakuja jioni. Mimi sikuona kitu, lakini pua yake haitasema hivyo." Papa yako alikuwa amefika nyuma yetu. Unamujua, hapigi kelele. Akasema tu, "Tia mu sachet nyeusi ya takataka, nitashuka nayo." Na mukono ameshaunyoosha.

Sijui ni nani alizungumza na mudomo yangu. Mimi mwenye ninaogopa ngazi ya umeme ya metro, nikasimama mbele ya kabati na kitambaa cha kilio ku kichwa, nikamuambia, "Papa Bahati, hii ni kazi ya mutoto yangu. Ameiacha katikati. Hakuna mwenye atatupa kazi ya mutoto yangu katikati." Akasema, na pasteur? Nikasema pasteur akiuliza nitamujibu mimi. Alishusha mukono. Aliniangalia kama siku ile alikuja kuniomba kwa baba yangu, anapima kama nitakubali.

Pasteur aliuliza. Alisimama ku korido, akanusa, akasema, "Maman, ni nini hii?" Nikamuambia ukweli, yote, hata chuma ku mudomo wako. Nyuma akauliza kama ilikusaidia kula. Nikasema ndiyo, ulikula. Akasema, "Basi tuombe," akaomba, na hakuigusa tena ile neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na vita haikuja. Hata nilibaki na hasira kidogo, sikuwa na mahali ya kuiweka.

Tulikuzika na costume ya bluu. Ilikuwa ku chumba yetu, chini ya mashati ya papa yako, mahali uliiweka mwenyewe.

Watu balipotoka, nilianza kazi. Kila siku nikitoka maofisi ninaingia kwako bila kuwasha taa, ninakunja kijiti. Kinajipinda, ninakiacha. Kinajipinda tena. Mikono ilikuwa inaniwasha kuiweka ku chauffage, ninakuambia kweli. Lakini nilikuwa ninakusikia ku sikio. Na siku moja kikalia, tak, kidogo, kama muntu anafunga kifungo ya mukoba ya bibi wa zamani. Nilisimama pale mu giza na kijiti mu mukono, ninatabasamu kama mujinga.

Nikakata na makasi ya kushona, majani yote madogo, gisi ulikuwa unafanya. Vidole vikanata mpaka nilivisugua na mafuta ya kula. Nikatia mu zile bokali za kioo tulinunua ku soko ya Midi, zile zenye mufuniko wa chuma na mupira, zenye ulibishania bei mpaka muuzaji akakuita ndugu yake. Sikujaza mpaka juu. Niliacha nafasi ya kupumua, na kila siku nifungue kidogo, gisi ulinifundisha.

Nikafungua kesho yake, nikanusa. Majani. Majani tu, Bahati, kama pale bafanyakazi ya commune banakata nyasi ku Parc de Forest. Kesho yake tena, majani. Nilipiga magoti mu chumba yako, bokali mu mapaja, nikalia kuliko siku ya kaburi. Nikasema basi, nimeiharibu. Kitu cha mwisho mutoto alishika na mikono yake, mimi nimekigeuza chakula cha mbuzi, na safari hii hakuna mwenye atacheka.

Papa yako njo aliniinua. Tangu pale, kila jioni, kabla ya kulala, muntu huyu mwenye alitaka sachet nyeusi anauliza kutoka ku kitanda, "Umefungulia mutoto hewa?" Na kama nimesahau, anaamka yeye. Nilimusikia mara moja mu chumba yako, mufuniko unalia, na haufungwi. Sikuenda. Nilimuacha na wewe.

Siikumbuki ni tarehe gani. Ni siku ya Mungu, tulitoka ibada, sikuvua hata koti. Nikafungua. Nikangojea majani. Hayakukuja. Ilikuja ganda la chungwa, ile yenye umechubua na ukucha, na nyuma yake pilipili ya mbegu nyeusi, na nyuma tena kitu kama mbao ya kanisa la zamani. Gisi ulinielezea. Nilikuwa ninafikiri ulikuwa unajigamba, gisi vijana banajigamba. Nikaita papa yako. Akanusa, akasema, "Chungwa." Tulikaa ku kitanda yako na makoti yetu, bokali katikati.

Nikamuita Dieudo. Rafiki yako anakonda, sikufichi. Ugonjwa ile ile, dawa ile ile, chuma ile ile ku mudomo. Aliingia na vichekesho vyake vya Lubumbashi, "Maman, ninyi bantu ya Bukavu munajua kukausha samaki tu," lakini alikuwa ameshika ukuta. Nikamupatia bokali. Alifungua, akafumba macho, akanusa. Nyuma akauliza, "Bahati aliifunga hii lini?"

Nilimuacha abaki na ile swali kidogo. Nisamehe, nilikuwa ninaikula kama sukari. Halafu nikasema, "Si Bahati. Ni mimi."

Aliniangalia mimi, akaangalia bokali. Akasema, "Maman, unacheza." Alitoka kuivuta ku balkoni, pale ulikuwa unakaa, ku kiti yako, mimi na papa yako tunachungulia nyuma ya rido ya dirisha kama batoto. Nikapika fufu, ugali yetu, juu sikujua nifanye nini na mikono. Na Dieudo akarudi, akakaa ku meza, akakula. Alikula fufu, alikula sombe, aliuliza kama ile samaki ina limau, na ilikuwa na limau. Akafuta sahani na kidole. Papa yako alitoka, akasema anaenda kuangalia takataka.

Njo hiyo, mutoto yangu. Kazi yako haikufa katikati. Nilitaka uisikie kutoka kwangu kabla Dieudo hajakuambia siku moja, na ikawie sana hiyo siku, ninaomba.

Bokali moja bado iko ku rafu yako. Si ya muntu, ni ya kufungua na kunusa tu. Mbegu ulizitia mu kopo ya chai, nimeziona. Mwaka ikigeuka nitatia moja mu kasufuria ya udongo ku balkoni, moja tu, ya Dieudo, kando ya lengalenga yangu, na nitaogopa polisi kama kawaida. Nikikata sitaosha. Ninakuahidi mbele ya Mungu, sitaosha.

Watu banataka nipone haraka. Maman Régine ameniletea mpaka kitambaa ya rangi, anasema kilio imetosha. Nimemuambia aiweke. Nitaivaa siku kijiti changu mimi kinalia.

Lala muzuri, Bahati. Papa yako anakusalimia, hajui ninaandika, lakini anakusalimia.

Ni mimi mama yako, mwenye pua.