Majok, Kwa Nini Ulirudi Nyuma?

Mpendwa Majok, mume wa mpwa wangu,

Kutoka Kiganjo mpaka Kutus, ukiuliza ni nani alileta mieleka kwa huu mlima, utaonyeshwa mimi. Hata makurutu wa polisi wakinipita asubuhi wakikimbia hupunguza mwendo. Wewe ulileta mwili tu kutoka Sudan Kusini. Akili ilikuwa yangu, na hata huko uliko huwezi kukataa.

Unakumbuka Kagio? Ulikuwa unashusha kreti za nyanya, mimi nikatangazia soko yote ati huyu mrefu ni bingwa wa nchi tatu. Ndiyo yule mchinjaji wa Kutus, mwenye shingo ya fahali, akavua aproni. Na wewe, badala ya kumrukia, ukainama, ukachota mchanga, ukampaka mgongoni polepole. Mama mmoja wa viazi akapiga nduru: "Woi! Anamroga mtu mchana!" Nikawaambia ni dawa ya ngozi. Baadaye ndiyo ulinieleza kwamba kwenu mtu hupakwa mchanga ili ashikike, jasho lisimtelezeshe.

Ukamwinua, ukamlaza chali. Halafu ukarudi nyuma, mikono chini, ukangoja. Mimi napiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Ukanishangaa.

"Anko, ameshaanguka. Unataka aanguke wapi tena?"

Mchinjaji mwenyewe alicheka akiwa bado chini.

Hiyo kitu imenikalia kichwani tangu tukuzike. Kwa matanga alikuja mama aliyekuwa akiosha vyombo kwa ile hoteli ya Nairobi ulikokuwa unalinda mlango. Alisema magaidi walipoingia wakipiga risasi, ulimshika mmoja kiunoni ukampiga chini, bunduki bado iko mkononi mwake. Hapo ndipo yeye na wenzake walipata nafasi ya kutokea jikoni. "Niliangalia nyuma mara moja tu," akasema. "Nikaona amerudi nyuma, amesimama."

Kwa nini, Majok? Ni mazoea ya uwanjani? Ama ulikuwa unawatafuta wale wengine? Ama huyo mama, kwa kukimbia, hakuona vizuri? Nimesumbua kila mtu na hili swali. Pasta akiniona siku hizi anavuka barabara.

Nauliza kwa sababu ya Achol, msichana wako, uliyempa jina la mama yako vile hata sisi hufanya. Anataka mieleka na hataki kitu ingine. Mke wako Wambui naye hataki kusikia. Juzi aliniambia, huku akikata sukuma: "Anko, kama ni lazima umfundishe, umfundishe akiangusha mtu akimbie. Asisimame hapo kama babake." Akageukia sufuria.

Nilichukua kofia yangu nikatoka nje. Mimi! Nikimwambia mtoto asirudi nyuma, hiyo si mieleka tena, na hatajua babake alikuwa mtu wa aina gani. Nikimwambia arudi, nitamwangaliaje mama yake? Wewe ungemwambia nini? Nimekaa na wewe miaka hiyo yote nikikufanyia matangazo, na sikuwahi kukuuliza ni nani alikufundisha kungoja, ama kama kuna siku uliona ni vigumu.

Jumapili, baada ya kanisa, Achol aliniambia tushikane pale kwa nyasi. Nilikuwa na suti yangu ya kijivu na akina mama wote wanaangalia. Aliingia chini ya mkono wangu, akanikunja goti, nikaenda chini mzima mzima. Nimeambia watu nilimwachilia anishinde. Wambui alikuwa bado ndani ya kanisa. Aliposikia akaja mbio, akanivuta kando.

"Alikimbia ama alirudi nyuma?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya kocha, aniachie mimi. Lakini wewe siwezi kukudanganya. Sikumwachilia. Na sijui alifanya nini baadaye, kwa sababu nilipoona nyasi inakuja, nilifunga macho.

Pumzika, jitu langu.

Ni mimi, Anko wako wa Kiganjo