Masega Aliyoyaacha Babu Yako

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Sie huku Pugu wazima, goti langu tu ndilo lenye kiburi. Mama yako kapata kibarua Kimara, anarudi kachoka lakini anacheka. Wewe huko Dodoma unakonda kwa kumuwaza mwanaume, nimeiona picha. Kula!

Umeniuliza nilijuaje kwamba babu yako ndiye. Sikujua. Alipokuja kuposa alileta asali. Baba yangu akailamba, akakunja uso. "Chungu! Umechanganya dawa, tapeli we!"

Babu yako hakubisha. "Mzee, twende ukaone."

Tukamfuata hadi kwenye miarobaini, ile miti iliyovamia mashamba yetu, baba akiilaani kila siku. Maua yake yalikuwa yanadondoka, na mzinga umening'inia juu. Babu yako akawafukiza nyuki kwa moshi wa makumbi ya nazi, akarina. Baba akaonja sega likiwa bado na joto. Chungu vilevile! Kumbe uchungu ulikuwa wa maua yenyewe.

Kisha akaona mzinga unafunikwa, masega mengine yamo ndani. "Mbona unayaacha?"

"Na wao wana watoto, mzee."

Baba akamwita mjinga. Mie nikautazama ule mkono, umevimba kwa kuumwa, bado unafunika taratibu. Moyo wangu ukatulia.

Huyo wako asije kunipambia maneno. Mlete msimu wa kurina. Nitamkabidhi moshi, nisimame nyuma yake, nisiseme kitu. Na wewe usimnong'oneze.

Bibi yako anayekupenda,
Mwanahawa